Usiku wa Ska Panki Kwenye Klabu Ndogo: Mwongozo Kamili kwa Anayekwenda Mara ya Kwanza

Ska panki ni muziki wa miendo miwili. Mwendo wa kwanza ni ska yenyewe: gitaa linakata kwa sauti safi na fupi, besi inatembea, tarumbeta na tromboni zinaitikiana, na watu wanacheza kila mmoja mahali pake. Mwendo wa pili ni panki: gitaa linakwaruza, dramu zinakimbia, mwimbaji anapaza sauti, na wale waliokuwa wakicheza kila mmoja mahali pake wanaanza kugongana. Wimbo mmoja wa dakika tatu unaweza kuhama kutoka mwendo mmoja kwenda mwingine mara nne au tano. Ukiweza kuusikia uhamaji huo kabla haujafika, utajua pa kusimama, namna ya kucheza, wakati wa kujilinda na wakati wa kujiachia. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na masikio, na viatu vinakuja baadaye.

Sikiliza kabla hujaenda

Pata majina ya bendi zote zitakazopiga usiku huo, si ile iliyoandikwa kwa herufi kubwa peke yake. Tenga jioni mbili tatu uzisikilize, na usikilize kwa mguu. Kaa kwenye kiti, gonga sakafu ukifuata dramu, na uhesabu kwa sauti: "moja na, mbili na, tatu na, nne na". Mguu wako unatua kwenye namba. Gitaa la ska linalia kwenye "na". Mpigaji anazipiga nyuzi kwa mkono unaopanda, kisha papo hapo analegeza vidole vya mkono mwingine ili sauti ife. Ndiyo maana inatoka kavu na iliyokatwa. Usipoipata kwenye nyimbo za kasi, rudi kwenye ska ya zamani ya Jamaika, ambayo huenda taratibu zaidi, uizoee huko kwanza.

Mdundo huo ulizaliwa Kingston mwishoni mwa miaka ya 1950, wanamuziki wa huko walipouchukua muziki wa dansi wa Wamarekani weusi wakauwekea mkazo mahali ambapo wengine walikuwa wanapumzika. The Skatalites, bendi iliyoundwa mwaka 1964, ilikuwa na wapulizaji kadhaa waliofunzwa kwenye shule ya wavulana ya Alpha, iliyoendeshwa na masista Wakatoliki. Miongoni mwao ni Tommy McCook wa saksafoni na Don Drummond wa tromboni. Tangu hapo ska na ala za kupuliza ni chanda na pete. Mwaka 1979 Jerry Dammers akaanzisha lebo (kampuni ya kutoa santuri) ya 2 Tone mjini Coventry, Uingereza, na bendi kama The Specials na The Selecter, zilizoweka weusi na weupe jukwaa moja, zikaiongezea ska kasi na hasira ya panki. Miraba myeusi na myeupe utakayoiona kwenye fulana, mikanda na raba za watu ukumbini imetokana na nembo ya lebo hiyo, na kwa mashabiki bado ina maana ileile: hapa ubaguzi haukaribishwi.

Kisha zamu ya Marekani: Fishbone kule Los Angeles, The Mighty Mighty Bosstones kule Boston, na Operation Ivy, vijana wa Berkeley waliodumu miaka miwili tu, kuanzia 1987 hadi 1989, na ambao ukumbi uliowalea ulikuwa 924 Gilman Street, mahali padogo panapoendeshwa na watu wa kujitolea. Katikati ya miaka ya 1990 muziki huu uliingia redioni kwa kishindo, kisha ukatoka. Kwenye vyumba vidogo haukutoka kamwe, na mimi nasimama na wale wanaosema kwamba humo ndimo unamoeleweka vizuri.

Ukishauzoea mdundo, tafuta maungio. Mara nyingi ubeti huwa ska na kiitikio huwa panki. Anayeujua muziki wa dansi anajua namna wimbo unavyotoka kwenye kuimba ukaingia sebene, na namna wachezaji wanavyolinusa sebene hilo kabla halijapigwa; huku ni hivyohivyo, ila hapa sebene linakuja mapema, linakatika, linarudi tena. Dalili zake ni nne, na zote utazitambua kwa macho au masikio ukiwa ukumbini:

- Mpiga dramu anaacha mdundo wake wa kawaida na kumimina mapigo mfululizo kwenye ngoma ndogo.
- Wapulizaji wanashusha ala zao vifuani au wanarudi nyuma hatua moja.
- Mwimbaji au mtu wa tromboni anapiga mwito wa "pick it up, pick it up, pick it up", haraka haraka. Mwito huo ni wa jadi katika ska, na maana yake kwako ni moja: jiandae, kasi inapanda.
- Mguu wa mpiga gitaa. Sakafuni mbele yake kuna kisanduku cha chuma chenye swichi ya kukanyaga, kinachoigeuza sauti safi kuwa ya kukwaruza. Pua ya kiatu ikishaelea juu ya kisanduku hicho, una kama sekunde moja.

Dalili hiyo ya nne ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na huwezi kuiona kwenye uwanja wa mpira wenye watu elfu hamsini.

Tiketi, umri na saa

Klabu ninazozizungumzia zinaingiza watu mia moja, mia mbili, pengine mia tatu. Nafasi huisha bila kelele, kwa hiyo nunua mapema. Tangazo hutaja saa za aina mbili: ya kufunguliwa milango na ya bendi ya kwanza kupanda. Kati yake huwa na nusu saa hadi saa nzima. Fika karibu na ile ya kwanza, upate muda wa kukizoea chumba kikiwa bado kina hewa.

Soma masharti ya umri. Kuna kumbi zinazoruhusu watu wa umri wote, na kuna zile ambazo chini ya umri wa kunywa pombe huingii kabisa. Beba kitambulisho halisi, si picha yake kwenye simu. Nyingine humwingiza kijana lakini humchora alama kubwa ya X mgongoni mwa kiganja kwa kalamu nene ili asiuziwe kileo kaunta. Desturi hiyo ilienea kwenye panki ya Marekani baada ya mwaka 1980, vijana wa bendi ya Teen Idles ya Washington waliporudi nyumbani kutoka San Francisco wakiwa wamechorwa hivyo ili waweze kupiga kwenye klabu yenye baa. Baadaye wapo walioanza kujichora wenyewe, kwa fahari, kuonyesha kwamba hawanywi. Kwa hiyo ukimwona mtu mzima ana X mkononi, usimshangae.

Mavazi na vya mfukoni

Raba zinazofunika mguu wote, soli inayoshika, kamba zimefungwa fundo mara mbili na ncha zimechomekwa ndani. Saa moja baada ya bendi ya kwanza sakafu itakuwa na vinywaji vilivyomwagika na jasho, nayo huteleza. Ndala na viatu vya wazi ni kuwaonea vidole vyako. Buti zenye chuma mbele ni kuwaonea wa wengine.

Vaa fulana moja nyepesi ya pamba, na ya pili ikunje kwenye mfuko wa plastiki uiache mahali pa kuhifadhia makoti. Hereni ndefu, mikufu, pete kubwa na mikanda yenye miiba ibaki nyumbani. Nywele ndefu zifungwe. Mkoba wa mgongoni ndio kosa la kawaida kuliko yote: mwenye nao hauoni, lakini kila akigeuka unampiga mtu kifuani. Simu na kitambulisho viwe kwenye mfuko wa mbele wenye zipu. Anayevaa miwani atafute ile kamba inayopita nyuma ya kichwa. Beba pia pesa taslimu kidogo kwa ajili ya meza ya bendi, kwa sababu mashine za kadi zina tabia ya kugoma.

Masikio

Hapa nakuomba utulie unisikilize, kwa sababu ndilo jambo ambalo watu wa muziki huu hulijutia na ambalo halirekebishiki. Wataalamu wa afya kazini wa Marekani wanaweka ukomo wa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 85 kwa saa nane. Kila zikiongezeka desibeli tatu, muda salama unapungua nusu: 88 ni saa nne, 91 saa mbili, 94 saa moja, 97 nusu saa, na 100 ni dakika kumi na tano tu. Klabu ndogo yenye bendi ya watu saba huzifikia 100 bila taabu. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake kwa kumbi za muziki, nalo likaweka wastani usiozidi desibeli 100, likataka pia wateja wapewe vizibo vya masikio. Usisubiri kupewa.

Vizibo viko vya aina mbili kuu. Vya sponji ni vya bei nafuu na vinazuia sana, ila vinaminya zaidi sauti za juu, hivyo tarumbeta na matoazi vinasikika kwa mbali. Vya wanamuziki, vyenye kichujio ndani, vinashusha sauti zote karibu kwa kiwango kimoja. Muziki unabaki vilevile, umepungua nguvu tu. Ukipanga kwenda mara kwa mara, nunua hivi vya pili.

Vya sponji vina namna yake ya kuvaliwa, na wengi hukosea hapo. Kiviringishe kizibo katikati ya vidole hadi kiwe chembamba na kisicho na mkunjo. Pitisha mkono wa pili juu ya kichwa, shika sikio kwa juu, livute juu na nyuma ili njia ya sikio inyooke. Ingiza, kisha kishikilie kwa kidole sekunde ishirini hadi thelathini kikiwa kinavimba. Sauti yako mwenyewe ikianza kusikika nzito kichwani, kimekaa sawa. Fanya hivyo nje au msalani kabla bendi haijaanza, si gizani katikati ya wimbo wa tatu na mikono imelowa jasho.

Jambo lingine: kwenye klabu ndogo tarumbeta haitegemei spika. Mdomo wake unakumwagia sauti moja kwa moja. Usisimame mita moja mbele ya mdomo huo, hata kama una vizibo.

Ukishaingia: milango kwanza, nafasi baadaye

Kabla ya kinywaji, kabla ya kusalimiana na mtu, tafuta njia ya pili ya kutokea. Tarehe 20 Februari 2003, klabu ya The Station huko West Warwick, Rhode Island, ilishika moto kutokana na fataki zilizowashwa jukwaani. Watu 100 walikufa, na wengi walikwama kwa sababu umati ulirudi kwenye mlango uleule ulioingilia, ilhali ukumbi ulikuwa na milango mingine. Iangalie njia hiyo kwa macho yako: je, haijazibwa na masanduku ya spika? Mlango unasukumwa au unavutwa? Ni kazi ya dakika moja.

Sasa nafasi. Ukingoni mwa jukwaa ndipo utakapouona mguu wa mpiga gitaa, lakini sauti ya mwimbaji hapo ni hafifu. Sauti yake hutoka kwenye spika kubwa za pembeni, nayo inakupita ikielekea nyuma yako. Unachosikia mbele ni dramu, magitaa yenyewe na ala za kupuliza. Jukwaa pia mara nyingi ni la urefu wa goti au paja na halina uzio, kwa hiyo umati ukisukuma, ni mifupa ya miguu yako inayokutana na ubao. Shika ukingo kwa viganja, si kwa vidole vilivyopinda juu, maana watu wa bendi huja kukanyaga hapohapo. Usiweke glasi juu ya spika za jukwaani.

Mita mbili tatu kutoka jukwaani, katikati, ndiko patakapofunguka uwanja wa kusukumana, ambao mashabiki huuita piti. Kandokando ya ukuta, kushoto na kulia, kuna vichochoro vyenye nafasi ya kutosha kucheza bila kugongwa. Nyuma, karibu na meza ya fundi sauti, ndipo muziki unaposikika kwa usawa kuliko kwingine kote, kwa sababu yeye anaupima kutoka hapo.

Ushauri wangu kwa mgeni: bendi ya kwanza isikilizie kwa fundi sauti, ya pili hamia kando ya ukuta ukacheze, na bendi kuu ikipanda simama ukingoni mwa piti, upande ulio karibu na njia ya kutokea. Hapo unaweza kuingia na kutoka kwa hiari yako.

Bendi za mwanzo si za kupotezea muda

Usiku wa kawaida una bendi tatu au nne. Za mwanzo hupewa nusu saa hivi, bendi kuu saa moja na ushei. Kati ya bendi na bendi kuna kubadilishana vyombo, na kwenye ska panki shughuli hiyo ni ndefu kuliko kwingine: watu saba au wanane wanajipanga kwenye jukwaa la watu wanne, na mwenye tromboni lazima apate nafasi ya mkono mzima mbele yake ili mrija wake usimgonge mpiga besi kisogoni. Tazama wanavyojipanga. Wengi hubeba masanduku yao wenyewe, na yule aliyekuwa akiimba dakika tano zilizopita ndiye anayekupita mlangoni na dramu kwapani. Mpishe njia.

Sogea mbele kwa ajili ya bendi ya kwanza. Chumba kikiwa nusu tupu, watu hukimbilia kuegemea kuta na kuacha nusu duara tupu mbele ya jukwaa, na hakuna kinachoivunja moyo bendi changa kuliko hilo duara. Watu kumi wakilijaza, chumba chote hubadilika. Pia hapo ndipo pazuri pa kujifunzia kucheza, maana kuna nafasi.

Namna ya kucheza skanki

Mchezo wa ska unaitwa skanki, na msingi wake ni kukimbia papo kwa papo.

Simama miguu ikiwa imeachana kwa upana wa mabega. Legeza magoti, inama mbele kidogo kuanzia kiunoni. Kunja viwiko, viwe karibu na mbavu, ngumi zikiwa zimefungwa kwa ulegevu. Inua goti la kulia huku mkono wa kushoto ukienda mbele, shusha, inua la kushoto huku mkono wa kulia ukienda mbele. Mguu unatua kwenye namba, goti linapanda kwenye "na", palepale gitaa linapolia.

Ugumu wote uko hapo. Mgeni hukanyaga chini kwa nguvu, anausikiliza mguu unaotua na kuusahau ule unaopanda, kisha anashangaa mbona anaonekana kama anaandamana. Geuza mawazo: acha kutua kutokee kwenyewe, wewe shughulika na kupanda. Ukilisikia gitaa, goti liwe juu. Jizoeze chumbani kwa wimbo wa polepole hadi mwili uache kuuliza, ndipo uongeze kasi. Baadaye unaweza kuweka teke dogo la mbele, mguu ukibaki chini ya usawa wa goti, na kugeuka robo mzunguko kila mistari miwili ya wimbo.

Wimbo ukizidi kasi, usiufukuze. Cheza nusu ya kasi, hatua moja kwa kila mapigo mawili. Utabaki ndani ya mdundo na pumzi itatosha hadi mwisho. Wacheza wazoefu ndivyo wanavyofanya, ukiwaangalia vizuri.

Na usione haya. Hakuna anayekupigia alama. The Mighty Mighty Bosstones walikuwa na mwanachama wa bendi, Ben Carr, ambaye hakuwa na ala yoyote mkononi: kazi yake jukwaani ilikuwa kucheza. Hiyo inakuonyesha uzito ambao muziki huu unaupa mwili unaocheza.

Ndani ya piti

Mguu wa gitaa umekanyaga kisanduku, sauti imechafuka, dramu zimekimbia. Katikati ya chumba watu wanarudi nyuma, nafasi inafunguka, na wengine wanaingia wakigongana kwa mabega. Kwa anayeona mara ya kwanza ni vurugu. Ukitazama kwa makini utaona ina utaratibu mkali kuliko foleni nyingi.

Wa kwanza na wa lazima: aliyeanguka anainuliwa. Papo hapo, na yeyote aliye karibu. Mmoja anamshika kwapa, mwingine wa pili, na walio nyuma yao wanageuza migongo na kutandaza mikono kuwazuia wanaokuja. Nimeona piti ya watu arobaini ikisimama kwa sababu ya msichana aliyefunga kamba ya kiatu, na kuendelea kabla wimbo haujafika kiitikio cha pili.

Kiatu kikiokotwa, kinainuliwa juu hadi mwenyewe akione. Miwani ikidondoka, piga kelele, inua mkono, washa taa ya simu; watu watakuzungushia ukuta. Usiiname peke yako kuitafuta.

Unaposukuma, sukuma kwa bega au kwa viganja vilivyo wazi kwenye mgongo wa juu na mabega ya mtu. Viwiko vinabaki chini. Ngumi hazina nafasi, wala kumshika mtu nguo. Anayesimama ukingoni amekunja mikono kifuani anasema hataki, na hasukumwi. Wewe mwenye mwili mkubwa, pima nguvu zako na yule uliye naye mbele.

Mtu akimpapasa mwingine kwa kisingizio cha msongamano, huo ni udhalilishaji, na mahali pa kuupeleka ni kwa baunsa au mhudumu wa kaunta, mara moja. Ukiona mwenzako anafanyiwa hivyo, simama kati yao kwanza, maswali baadaye. Vivyo hivyo kwa matusi ya kibaguzi. Bendi nyingi za muziki huu zitasimamisha wimbo zikijulishwa, na mwenye matusi atatoka.

Namna ya kuingia: ngoja uone watu wanaelekea wapi. Wakati mwingine piti hugeuka kuwa duara na wote hukimbia upande mmoja. Ingia kwa kufuata upande huo, usiwakate katikati. Mikono mbele ya kifua, viganja nje, ili uwe na nafasi ya kupumua mkiminywa. Miguu iachane, hatua fupi. Ukibanwa mbele ya jukwaa, usishindane na msukumo. Subiri ulegee, kwa kawaida ni sekunde chache, kisha songa kwa mshazari kuelekea ukutani. Kutoka nako ni hivyo: inua mkono, elekea kando, na watu watakupisha.

Kubebwa juu ya mikono ya umati kunahitaji chumba kilichojaa na watu walio tayari. Kwenye klabu ya watu themanini wenye nafasi kati yao, anayejirusha kutoka jukwaani anaangukia sakafu. Ukiwa wa chini, angalia juu kila mara, linda kichwa chako, na saidia kumshusha miguu ikitangulia.

Ska ikirudi, piti inayeyuka yenyewe na kila mtu anarudi kwenye skanki. Tumia mapumziko hayo. Ndiyo uzuri wa miendo miwili: wimbo wenyewe unakupa nafasi ya kuvuta pumzi, na aliyejifunza kuusikia haishiwi nguvu saa moja kabla ya mwisho.

Joto, maji na simu

Kula mlo wa kawaida saa mbili kabla. Kunywa maji kati ya bendi na bendi, si siku nzima kisha ukasahau. Pombe inakausha na inapunguza usikivu wa mwili kwa maumivu. Anayetaka kuingia kwenye piti anywe kidogo au aache. Kizunguzungu, kichefuchefu, au jasho kukatika ghafla ilhali joto limezidi: toka nje sasa hivi, kaa chini, mwambie mtu.

Piga picha wimbo mmoja, bila taa, kisha simu irudi mfukoni. Simu iliyoinuliwa ndani ya piti huvunjika, na inamzibia aliye nyuma yako mguu wa gitaa.

Meza ya bendi

Karibu na mlango au kando ya kaunta kuna meza yenye fulana, sahani za santuri, kaseti na vibandiko. Kwa bendi inayozunguka kwenye klabu ndogo, malipo ya mlangoni yakigawanywa kwa watu wanane yanaishia kwenye mafuta ya gari. Meza ndiyo inayowafikisha mji unaofuata. Kama unataka fulana, nunua mapema, maana saizi za kati huisha kwanza, na umwombe mwenye meza akutunzie hadi mwisho, wengi hukubali. Santuri nunua unapoondoka, isije ikapinda. Mara nyingi anayekuuzia ni mpiga tarumbeta mwenyewe. Mwambie wimbo uliokugusa, ulipe, upishe aliye nyuma yako.

Kutoka na kesho yake

Panga usafiri wa kurudi kabla hujaondoka nyumbani, maana bendi kuu ikiitwa tena kwa nyimbo za nyongeza, saa husogea. Wimbo wa mwisho ukiisha usikimbilie mlangoni na umati wote. Ngoja dakika tano, badili fulana iliyolowa kwa ile kavu, kunywa maji. Upepo wa usiku kwenye jasho hukutetemesha bure.

Ukifika, oga, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwenye michubuko na uvimbe kwa dakika kumi na tano hivi, na unyooshe misuli ya nyuma ya miguu, maana skanki huishughulikia kuliko unavyodhani. Masikio yakilia au yakiwa yamezibazibika, yape ukimya siku nzima inayofuata: usivae spika za masikioni, usiende penye kelele. Mlio ukipita siku mbili, au sikio moja likisikia pungufu kuliko lingine, nenda kwa daktari wa masikio bila kusubiri wiki iishe.